Mtu wa Chumba 46

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kwa Profesa. Nimejifungia chumbani, sina hamu ya kuonana na mtu. Miaka kumi na saba nimekuwa meneja uzalishaji wa kiwanda cha biskuti, watu mia tatu wananiamkia kila asubuhi. Leo nimesimama mbele ya meza ya mwanamke niliyemzidi umri, nimekamata kofia mikononi kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Niiandike habari yenyewe, nione kama inaandikika. Nimekuja ng'ambo kusomea udaktari wa usimamizi wa teknolojia. Utafiti wangu unauliza kwa nini watu wanaipokea teknolojia hii na kuikataa ile. Nilitaka mahali pa kujaribia, nikaona chumba cha kufulia cha hosteli yetu: mashine mbili, majengo mawili, ugomvi kila siku. Nikatengeneza mfumo wa simu wa kuweka nafasi ya kufua. Mtu anajiandikisha kwa namba ya chumba chake, anataja nguo, uzito, rangi, kiwango cha uchafu na sababu ya kufua, kisha anasubiri kibali. Kibali natoa mimi. Kitu safi kabisa.

Profesa kaniuliza nina watumiaji wangapi. Nikasema wanaongezeka. Kauliza wameongezeka kutoka wangapi hadi wangapi. Nikakohoa. Ukweli ni kwamba tangu Januari ninao watatu. Mmoja ni mimi. Wa pili ni Kinda, msichana wa miaka ishirini na sita ambaye tulianza masomo siku moja. Alifua mara moja kwa adabu tu, hajarudi. Kinda ameshamaliza kukusanya takwimu zake zote, lakini hilo halinihusu. Wa tatu ni mtu wa Chumba 46, jengo la pili. Simjui.

Jopo la tathmini linakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Profesa kasema, bila kupandisha sauti, kwamba mfumo usiotumiwa na watu si utafiti, ni pambo. Jopo likiona pambo litaniondoa kwenye masomo, nirudi nyumbani.

Nyumbani, ambako kiti changu kakikalia aliyekuwa naibu wangu. Nilimfundisha kazi mwenyewe. Nikirudi hivi, itabidi nimwombe ajira kwa barua.

Jumanne, 4 Machi

Mama Watoto kapiga simu, kauliza utafiti unaendaje. Nikasema unakwenda kama saa. Kasema binti yetu, yule wa darasa la saba, kawasimulia wenzake kwamba baba yake kavumbua mfumo na watu wa ng'ambo wanapanga foleni kuutumia. Mwalimu kamsimamisha mbele ya darasa, kapigiwa makofi. Jopo likinipitisha, mtoto atatangaza tena.

Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mwezi Januari niliwatumia mfumo kwenye simu wauone, wakausifu sana, nami nikaropoka kwamba watu bado hawajazoea ila watakuja wengi. Basi mtoto kashika hilo la wengi.

Mama Watoto kaongeza, kwa ule upole wake unaochoma, kwamba alinikataza kuacha kazi. Kweli alinikataza. Nikajidai mtandao unasumbua.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa! Watu hawaji kwa sababu hawaoni wengine wakija. Lazima pawe na wa kuanzisha. Mwuza duka naye hupanga makopo matupu mbele ili duka lionekane limejaa.

Nimeandikisha watumiaji tisa: Chumba 3, 7, 12, 19 na wengineo. Nitawafulia mimi. Lakini sidanganyi. Nafasi ikishawekwa, nguo lazima ziingie kwenye mashine na zitoke safi. Kufua kunafanyika kweli, sabuni inatumika kweli, mashine inazunguka kweli. Kilichopungua ni mwenye nguo tu.

Asubuhi nimefua kwa niaba ya Chumba 3 na Chumba 7. Chumba 7 nimemfanya mwanamichezo, sababu ya kufua: jasho. Chumba 19 ni mtu nadhifu, sababu: tahadhari. Nimeanza kuwapenda.

Alhamisi, 6 Machi

Nguo zimeniishia. Nilikuja na sanduku moja. Imebidi nguo zilezile zizunguke, na hasa lile sweta jekundu alilonifumia Mama Watoto, maana lina uzito na linaijaza mashine vizuri. Leo limefuliwa na Chumba 3, Chumba 12, Chumba 19 na Chumba 25. Nimejaza rangi kama ilivyo, nyekundu, kwa sababu mtafiti haruhusiwi kuchezea ukweli.

Mchana kaja kijana mmoja wa miraba minne na kapu lake, kakuta mashine zote mbili zinanguruma. Nikamweleza kwa heshima kwamba hii ni nafasi ya Chumba 12 na ile ni ya Chumba 25, na yeye hana kibali. Kauliza hao watu wako wapi. Nikasema mimi ni mwakilishi wao. Kanitazama, kalitazama sweta likizunguka, kabeba kapu lake kaenda kwa dobi wa kona. Baadaye nimeona dirishani wengine watatu wakimfuata na makapu yao.

Nimeumia kidogo. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na mimi zangu nimezivua zote, ziko kwenye mashine.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea Profesa takwimu. Kafungua, kavaa miwani, katabasamu. Mara ya kwanza tangu tujuane! Kasema wiki hii kuna mwamko. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba watu wakielimishwa huelewa. Kinda alikuwa mlangoni anasubiri zamu yake. Nilimpita kifua mbele.

Nimerudi nikamkuta Chumba 7 kachanganya shati langu jeupe la suti na sweta. Chumba 7 ndiye mimi, najua, lakini nilimkasirikia kweli. Shati limekuwa la waridi. Suruali ya suti nayo ilipitia kwa Chumba 19, mpenda maji ya moto, na sasa inanifika juu ya vifundo vya miguu. Hizo ndizo nguo zangu za jopo.

Jumamosi, 8 Machi

Aliyekuwa naibu wangu kaniandikia. Kwanza salamu ndefu, halafu sumu. Kasema ile mashine ya kufungashia biskuti niliyoinunua mimi, ambayo kwa miaka miwili wafanyakazi waliifanya meza ya chai, sasa inafanya kazi zamu zote. Nikamuuliza kafanyaje. Kasema hakufanya kitu. Aliwauliza kwa nini hawaitumii, wakasema ipo pabaya, mtu akiitumia inambidi aupe mlango mgongo na anagongwa na mikokoteni. Kaihamishia upande wa dirishani. Basi.

Miaka miwili nilibandika matangazo kwenye mashine ile. Niliandaa semina. Nilikata posho. Mara moja nililia ofisini kwangu, nimefunga mlango. Kumbe ni kuihamisha tu.

Nimemjibu hongera, nikamkumbusha kwamba wazo la kuinunua lilikuwa langu. Kisha nikafua kwa niaba ya watu watano mpaka hasira zikapoa.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimeshughulika na Chumba 46. Huyu bwana ni mkorofi. Kila siku ya Mungu anaweka nafasi, tena mtu wa kwanza, na kila siku haji. Anajaza fomu yote bila kuruka kitu. Nguo: sare. Uzito: nyepesi tu. Kiwango cha uchafu: wino mfukoni. Sababu: ili ipendeze kesho. Nikajua ni mlinzi, au labda nesi. Anashika nafasi halafu mashine inakaa bure, na mimi nina watu tisa wanaosubiri.

Kiwandani mtoro nilimkomesha kwa onyo kali, na hapa sibadiliki. Nimemwandikia kwa mkono wangu, nikapima kila neno: "Mtumiaji wa Chumba 46. Umekuwa ukichezea kazi za watu. Hujali jasho la aliyekutengenezea mfumo huu. Watu wa aina yako ndio wanaorudisha maendeleo nyuma. Kuanzia leo umefungiwa." Nimeusoma ujumbe mara mbili. Barua nzuri, ina meno.

Halafu nikavuka uwanja kwenda jengo la pili nimwambie kwa mdomo pia. Chumba 46 ni stoo ya mafagio. Mtunza Jengo kanikuta nabisha hodi, kauliza namtafuta nani. Nikasema mkazi wa humu. Kasema mkazi wa humu ni mopu, na kwa kawaida haitiki. Kwa hiyo mtu huyu pia kadanganya namba ya chumba! Nimeudhika sana. Kuna watu hawana haya kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo yameharibika. Profesa kaniita. Kasema takwimu zangu zinamsumbua. Watumiaji tisa wanafanana kama waliozaliwa tumbo moja: wanafua asubuhi, wanafua mchana, wote wana uchafu wa wastani. Mmoja tu ndiye anayefanana na binadamu. Anaweka nafasi kila siku tangu Januari na anaandika sababu zenye maana. Chumba 46. Profesa anataka nimlete Ijumaa mbele ya jopo, azungumze naye.

Nikamwambia nimemfungia jana. Profesa kavua miwani. Kauliza, yaani nilikuwa na mtumiaji mmoja mwaminifu, na huyo ndiye niliyemfukuza? Nikasema ni suala la nidhamu. Kasema nimtafute.

Jumanne, 11 Machi

Aibu. Sijui niiandikeje.

Nilikuwa nafua kwa niaba ya Chumba 3. Nikaenda mara moja kununua sabuni. Kurudi, namkuta Kinda kasimama mbele ya mashine, kapu mkononi. Mashine ilikuwa imemaliza. Katoa nguo, kaziweka mezani, na sweta jekundu kalikunja taratibu kama la mtoto mchanga, maana sasa linamtosha mtoto mchanga. Kasema hili sweta kalikuta juzi kwenye nafasi ya Chumba 19, jana kwenye ya Chumba 25, leo liko kwa Chumba 3. Kasema wapangaji wa humu wanapendana sana.

Nilitegemea atakwenda kwa Profesa mbio, mimi ndivyo ningefanya. Hakusema hivyo. Kasema ana wiki nzima hajafua, anaazima nguo kwa rafiki yake. Kaniomba, kama inawezekana, nimwachie mashine moja Jumamosi. Tena kaniita mzee wangu. Nikaitikia kwa kichwa, nikakimbilia chumbani na nguo mbichi kifuani.

Mtu mzima ovyo. Ndilo neno lenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Bado sijampata Chumba 46. Nimembembeleza Mtunza Jengo awe yeye, kwa dakika kumi tu, aseme kwamba ana sare na wino humwagika mfukoni. Kauliza atakuwa anaishi wapi. Nikasema stooni, na mafagio. Kasema hapana, mke wake atauliza maswali.

Kuhusu shati la waridi, nimeamua kulifunika kwa sweta. Mikono ya sweta inaishia kwenye viwiko, lakini kwa mbali inaonekana ni mtindo.

Ijumaa, 14 Machi

Jopo lilikuwa na watu wanne pamoja na Profesa. Wanafunzi wenzangu walikaa nyuma, Kinda akiwemo. Nilianza vizuri. Niliongea kuhusu mwamko. Nikaonyesha mstari unaopanda.

Ikafika zamu ya mzee mmoja wa jopo, mtu wa takwimu, mpole, sauti ya chini. Kasema ana swali dogo. Kwenye fomu kuna kipengele cha rangi. Anaona wapangaji tisa, vyumba tofauti, na wote kila mara wanafua kitu chekundu chenye uzito uleule. Anauliza kama ninayo maelezo.

Nikasema ni rangi inayopendwa eneo hili.

Mzee kainua macho kutoka kwenye karatasi, yakatua kifuani pangu. Yakatelemka mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Mwenzake naye kaangalia. Wakaangalia wote wanne. Nilikunja mikono kulifunika sweta, lakini sweta lile halifunikiki kwa mikono, maana lenyewe haliifuniki. Nilitamani ardhi ipasuke.

Profesa kamgeukia Kinda, kamuuliza yeye anaishi pale, mfumo unatumika au hautumiki. Kinda kasimama. Kasema tangu wiki iliyopita mashine hazijapumzika. Kisha kakaa. Hakusema uongo hata tone. Nilitazama viatu vyangu, ambavyo na suruali ile vilionekana vyote na soksi zake.

Hakuna aliyenigombeza. Ningeshukuru wangenigombeza. Waliongea nami taratibu, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Uamuzi: nimepewa mpaka mwisho wa muhula. Niwaletee mtu mmoja tu, hai, anayeutumia mfumo kwa hiari yake na awezaye kusema kwa nini. Nisipompata, nifungashe.

Mmoja! Nitamtoa wapi?

Jumamosi, 15 Machi

Mama Watoto kapiga asubuhi. Nilikuwa nimeshaandaa hadithi ya jopo, hakuitaka. Kasema binti yetu ana siku sita halali vizuri na jana kakataa kwenda shule. Kabembelezwa mpaka akasema. Tangu Januari, kila akitoka shule, alikuwa akichukua simu ya mama yake na kuweka nafasi kwenye mfumo wangu. Alinisikia nikisema watu bado hawaji. Kaona aje yeye. Namba za vyumba hakuzijua, kaandika umri wangu.

Arobaini na sita. Mimi nina miaka arobaini na sita.

Sare ni yake. Wino ni wa kalamu yake.

Nilikaa kitandani. Mama Watoto hakunifokea. Kasema kuna ujumbe ambao mtoto kauonyesha, na yeye hauelewi vizuri. Kaniomba nimsomee. Nikasema naukumbuka. Kasema hata hivyo, nisome. Nikasoma. Umekuwa ukichezea kazi za watu. Hujali jasho la aliyekutengenezea mfumo huu. Nilipofika kwenye watu wa aina yako, sikuweza kuendelea. Kauliza mbona nimenyamaza, mbele si kuna maendeleo.

Kasema mtoto hakuuliza ujumbe umetoka kwa nani. Alijua ni mimi. Kasema ndivyo baba anavyoandika.

Kampa simu. Nililia, na sijali nani atasoma hapa. Nikamwomba radhi. Nikamwambia sikujua. Yeye kasema samahani kwa kuwa hakuwa anakuja kufua, ila ni mbali. Halafu kauliza kama bado amefungiwa, maana kesho anataka kuweka nafasi ya sare.

Nimemfungulia hapohapo. Niliandika ujumbe wa kumkaribisha, nikaufuta, nikaandika mwingine, nikaishia kuandika "Karibu, mwanangu."

Mashine zote mbili nilimwachia Kinda. Kafua mchana kutwa. Watu wengine nao wakashuka na makapu yao, bila kibali, bila fomu. Wakapeana zamu kwa mdomo tu, hawakugombana. Nilisimama mlangoni nikiangalia. Ningeweza kuwauliza wamepatanaje bila mfumo. Naibu wangu angewauliza. Niliona aibu, nikapanda zangu juu.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala nimeamka nimetulia. Nimeyapima yote na nimepata somo kubwa, naliandika hapa nisilisahau: udanganyifu haufai. Watumiaji tisa nimewafuta. Kumfuta Chumba 7 nimeona uchungu, lakini nimemfuta.

Baadaye binti kapiga. Kachangamka. Nikamweleza ukweli, kwamba jopo linataka mtu hai, anayeutumia kwa hiari yake, na kwamba mtu huyo ni yeye, mtumiaji mwaminifu kuliko wote, na nitampeleka mbele yao kwa simu. Kafurahi sana. Kauliza darasani kesho akawaambie nini, maana wanamwuliza kila siku.

Nikataka kusema awaambie kwamba baba bado anajaribu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nikafikiri. Mtu mmoja aliye hai ni ushahidi. Wengi walio hai ni mwamko. Na hawa ni watoto wa kweli, wana sare za kweli zenye wino wa kweli, wala hawatazigusa mashine, kwa hiyo Kinda na wenzake watafua bila bughudha. Udanganyifu uko wapi hapo?

Nikamuuliza darasa lao lina wanafunzi wangapi. Kasema arobaini ukimtoa yeye. Nikamwambia kesho wote waazime simu za wazazi wao.

Jengo la pili lina vyumba sitini tu. Nimeliongezea ghorofa mbili kwenye mfumo, vyumba vimefika themanini na sita. Kuanzia 47 hadi 86, wanatosha wote.